Safari za Masomo kwa Watoto wa Familia za Kipato cha Chini: Ada Ni Sehemu Tu ya Gharama

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandaa na kusindikiza safari za masomo za wanafunzi wenye umri wa kati ya miaka 11 na 14, ambao wengi wao wanatoka katika familia zenye kipato kidogo. Walimu wenzangu wanaponiomba ushauri, swali lao la kwanza huwa ni namna ya kupata pesa za ada. Ni swali la msingi. Hata hivyo, nimeshuhudia watoto wengi wakibaki nyumbani ilhali ada yao imeshalipwa, kwa sababu ya mambo mengine ambayo hakuna aliyeyauliza: viatu, begi, pesa za matumizi, nauli ya kufika mahali basi linapoondokea, na aibu ya kuyataja hayo yote mbele ya wenzao.

Mtoto wa umri huo ni nadra kusema kwamba nyumbani hakuna pesa. Atasema hapendi kusafiri, au atapoteza fomu ya ridhaa ya mzazi, apewe nyingine, aipoteze tena. Nilimfundisha msichana mmoja, hodari wa sayansi, aliyekataa katakata kwenda kwenye safari ambayo ilikuwa imelipiwa kila kitu. Nilipomtembelea mama yake ndipo nilipofahamu kwamba mama alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku, na kwamba binti huyo ndiye aliyekuwa akiwapokea wadogo zake kutoka shule, kuwalisha na kuwalaza. Tulikaa na mama pamoja na jirani yake, tukapanga nani atawaangalia wadogo hao kwa siku hizo, na msichana akasafiri. Kwa hiyo nashauri kwamba kabla ya kukamilisha bajeti, zungumza na kila mzazi ana kwa ana, kwa saa inayomfaa yeye, na umuulize mtoto wake anashika majukumu gani nyumbani.

Wapo wanaoamini kwamba ni lazima mzazi achangie japo kidogo ili aithamini safari. Mimi sikubaliani nao. Mzazi anayekubali kukaa siku kadhaa bila mtoto anayemsaidia kazi, au anayeomba ruhusa kazini na kukatwa ujira ili ahudhurie kikao chako, ameshachangia. Mfano ninaopenda kuwapa wafadhili ni ule wa jumba la makumbusho ya sanaa la Crystal Bridges, lililofunguliwa mwaka 2011 katika jimbo la Arkansas, Marekani. Mpango wao wa ziara za shule uligharimia usafiri, chakula, na hata malipo ya walimu wa kushika nafasi za wale waliosindikiza wanafunzi. Shule zilizoomba zilikuwa nyingi kuliko nafasi, zikachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na jambo hilo likawawezesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas kuwalinganisha wanafunzi waliokwenda na wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Wote pamoja walikaribia 11,000. Walipoonyeshwa mchoro ambao hawajawahi kuuona na kutakiwa waandike kuuhusu, wale waliokwenda walionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kuchunguza na kufikiri kwa kina, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi wa shule zenye umaskini mwingi na za vijijini. Hiyo ilikuwa ziara ya nusu siku tu.

Kura ninaitetea pia ndani ya darasa, pale ambapo nafasi hazitoshi. Kuchagua kwa alama za mtihani huwanufaisha watoto wenye meza ya kusomea na utulivu wa jioni. Kumtaka mtoto aandike insha ya kueleza jinsi familia yake ilivyo maskini ili apate nafasi ni jambo ninalolipinga kabisa.

Vifaa navyo vitolewe kwa wote, na viwe vya aina moja. Ukiwapa begi wale wasio nalo pekee, kila mtu ndani ya basi atajua nani amepewa. Pesa za matumizi nazo ziwe kiasi kilekile kwa kila mwanafunzi, na kusiwe na masharti ya jinsi ya kuzitumia. Nimewahi kumwona mvulana akizunguka duka la makumbusho, akishika hiki na kurudisha kile, kisha akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kurudi na pesa hizo nyumbani. Nilimjibu kwamba ni zake.

Maandalizi ya safari yaanze mapema kuliko unavyodhani. Kama safari inavuka mpaka, pasipoti ya mtoto anayelelewa na bibi yake, au ambaye mzazi wake mmoja hajulikani alipo, inaweza kuchukua miezi kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa na karatasi za ulezi. Halafu kuna maandalizi ya akili. Tangu mwaka 1978, mtafiti wa elimu John Falk na wenzake walionyesha kwamba mtoto anapokuwa mahali pageni kabisa, umakini wake huchukuliwa na ugeni wenyewe, na kazi aliyopewa humponyoka. Ndiyo maana mimi huwaonyesha wanafunzi picha za vitanda, vyoo na ukumbi wa kulia kabla hatujaondoka, na kuwaeleza hatua kwa hatua yatakayotokea kuanzia tunapoingia getini. Mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya kwao anahitaji sana maelezo hayo.

Kuna mambo ya usiku ambayo watu huona haya kuyazungumza. Wapo watoto wa umri huu ambao bado wanakojoa kitandani, na wapo wasichana watakaopata hedhi kwa mara ya kwanza wakiwa safarini. Waulize wazazi faraghani, weka taulo za kike katika kila bafu la wasichana ili asiwepo wa kulazimika kuomba, na hakikisha kuna shuka za akiba ambazo msimamizi anaweza kuzibadilisha kimyakimya.

Mnaporudi, mfadhili atataka kuona matunda ya pesa zake, na hiyo ni haki yake. Msiwaandikishe watoto barua za shukrani zinazofanana, wala msimpelekee picha zenye maelezo ya shida za familia zao. Mwombeni kila mwanafunzi aandike kuhusu kitu kimoja alichokiona na swali ambalo bado analo juu yake, kisha mfadhili apelekewe maandishi hayo kama yalivyo.