Kwa maintani wetu, vijana mnaojifunza uandishi kwa deski letu la habari: kabla hujaandika "jasusi aliyegeuka mwanasiasa"

Wiki jana kijana wetu mmoja, mchapakazi sana na nampenda, aliniletea wasifu wa mkubwa fulani wa usalama aliyeingia siasa. Nikaanza kuusoma nimesimama, kufika aya ya tatu nikavuta kiti. Makosa yale yale jameni. Waliomtangulia waliyafanya, wa kabla yao pia, na kabla yao wote niliyafanya mimi na yakamuumiza mtu ambaye hakustahili. Basi naandika mara moja tu ndio nisirudie kwa kila mmoja pale tunapochotea chai. Dedilaini mnazijua, edita wa usiku mnamjua, hayo siyaelezi.

1. Anza na miaka. Karatasi, mstari, kila mwaka na kazi aliyokuwa nayo, ndio uguse intro.

2. Jina la idara lifuate mwaka. Kanyotu, mkuu wa zamani wa ujasusi Kenya, hakuwahi kuongoza NIS, idara ya ujasusi ya siku hizi, jameni, tuliandika hivyo mara moja na simu za wazee hazikuisha siku nzima, wengine walikuwa na uchungu wa kweli manake hao watu Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi, waliijua kwa ngozi zao. James Kanyotu alishika Special Branch 1965 hadi akaondoka 1991, na katikati hapo, 1986, ikageuzwa DSI. NSIS ililetwa na sheria ya 1998, akaingia Brigedia Wilson Boinett. NIS ni ya Katiba ya 2010 na sheria yake ya 2012. Mzee mmoja kati ya waliopiga simu aliniambia, "kijana, ukibadilisha jina la nyumba umenifutia mahali nilipolala sakafuni," na tangu siku hiyo hayo majina manne nimeyabandika ukutani juu ya mashine yangu. Tanzania nako ni hivyo hivyo, Usalama wa Taifa, idara yao ya ujasusi, ilikuwepo miaka na miaka lakini sheria yake yenyewe ilipitishwa 1996, kwa hivyo usimwekee mtu wa 1980 sheria ambayo haikuwepo.

3. Kaimu ni kaimu. Usilikate hilo neno ati kichwa kiingie kwa kolamu moja.

4. Sasa hii ndio iliyonifanya niandike, na nitaichukulia muda.

Ijumaa, 1 Mei 2020. Sikukuu ya Wafanyakazi, Nairobi imefungwa, kafyu ni saa moja jioni na sisi wote tunafanyia kazi sebuleni na watoto wanakanyaga waya. Habari ikaja kutoka Dodoma kwamba Balozi Augustine Mahiga, waziri wa Tanzania, amefariki, miaka 74. Zamu ya tanzia ilikuwa yangu. Nilikuwa na masaa mawili na kitu, na ukweli ni kwamba masaa mawili yanatosha, sitaki kusingizia muda, nimeandika tanzia nzuri kwa dakika arobaini.

Nilichofanya ni hiki. Niliona mahali kwamba 1980 hadi 1983 alikuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa Usalama wa Taifa, damu ikachemka. Jasusi! Nikajua nimepata intro. Nikaandika aya saba juu ya hiyo miaka mitatu, na hebu niwaulize, nilikuwa najua nini kuhusu hiyo miaka mitatu? Tarehe na cheo. Basi. Hizo aya saba nilizijaza na giza, na siri, na mtu anayejua mambo ya watu, maneno ambayo ungeweza kumbandika mkuu yeyote wa usalama wa nchi yoyote na yangemkaa. Halafu nikaandika sentensi ambayo naikumbuka mpaka leo neno kwa neno: "Baada ya kuondoka idara hiyo, Mahiga alijiunga na siasa." Hapo nikaruka mpaka Desemba 2015, Magufuli anamteua waziri. Juu yake nikaweka kichwa kinachomwita Waziri wa Mambo ya Nje, na hicho cheo alishakiacha Machi 2019 walipobadilishana na Profesa Kabudi, alikufa akiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Kichwa edita wa usiku alikidaka. Ile sentensi haikudakwa na mtu manake kisarufi iko sawa kabisa.

Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu na ripota wa Kisomali tuliyewahi kufanya naye kazi, anakaa Eastleigh. Nilidhani ananiuliza mambo ya pasi za kupita barabarani. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Ndugu yangu, huyu mzee alikuwa kwetu miaka mitatu. Umemuweka wapi?"

Nikanyamaza.

Mnaona, 2010 Ban Ki-moon alimteua Mahiga kuwa mwakilishi wake maalum wa Somalia. Ofisi yenyewe ilikuwa hapa hapa Nairobi, miaka na miaka Umoja wa Mataifa ulishughulikia siasa za Mogadishu ukiwa Nairobi, na Wasomali walikuwa wanalisema hilo kwa uchungu, kwamba nchi yao inaongozwa kwa simu kutoka hotelini. Al-Shabaab wakaondoka Mogadishu Agosti 2011. Januari 2012 Mahiga akahamisha ofisi ikarudi Mogadishu, mara ya kwanza baada ya miaka 17. Huyo ripota alikuwepo. Aliniambia venye watu wa mtaa walisimama kuangalia tu magari, hawaamini kama hao watu watalala hapo usiku. Agosti ya mwaka huo huo wa 2012 muda wa serikali ya mpito ukaisha, wabunge wapya wakaapishwa pale uwanja wa ndege kwa sababu ndipo palikuwa na usalama, na tarehe 10 Septemba wakamchagua Hassan Sheikh Mohamud kuwa rais. Ripota wangu alisimama juani siku ya kiapo mpaka akapata homa. Na mimi nilikuwa nimeandika "alijiunga na siasa".

Aliniambia pia, bila kupandisha sauti, "Wewe ulikuwa hapa Nairobi, na hao watu walikuwa majirani zako." Hiyo ndio iliniuma zaidi manake ni kweli, niliwahi kukaa kwa kikao cha wanahabari naye yuko mbele anaongea, taratibu, kama mwalimu, na nikasahau kabisa kwa sababu ya neno moja tamu.

Baadaye nikakaa na kalamu nikahesabu. Kutoka 1983 hadi 2015 ni miaka 32. Ndani yake kuna ubalozi Canada, kuna Geneva, kuna UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa: Liberia wakati wa vita, halafu mratibu wa Maziwa Makuu kuanzia 1994, yaani wakati ule wakimbizi wa Rwanda wanamiminika Zaire na Tanzania kwa mamia ya maelfu, halafu India, halafu Italia. Kuna New York 2003 hadi 2010, balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa, na Januari 2006 Tanzania ikishika urais wa Baraza la Usalama ndio yeye alikuwa kwa hicho kiti. Kabla ya yote kuna mtoto wa Tosamaganga, Iringa, aliyeenda kupata udaktari wa falsafa Toronto. Mtu aliyetumia maisha kwa wakimbizi na vita vya wengine, na mimi nikampa Wakenya jasusi.

Wasifu wake wa Umoja wa Mataifa ulikuwa kwa faili letu. Kurasa mbili. Sikuufungua kwa sababu nilishapata intro. Tulitoa sahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Familia husoma tanzia wakiwa na msiba nyumbani, hakuna anayewaamsha tena kuwasomea sahihisho.

Haya tuendelee.

5. Ukivuka mpaka, angalia Katiba ya hao watu. Kila mwaka kuna mmoja wenu ananiuliza Mahiga alikuwa mbunge wa wapi. Hakuwa na jimbo. Tanzania waziri lazima awe mbunge, na rais anaruhusiwa kuteua wabunge wasiozidi kumi, hapo ndipo aliingilia. Sisi huku Kenya waziri haruhusiwi kuwa mbunge ndio maana mnachanganyikiwa. Na hata kabla ya uteuzi alishajaribu kwa njia yake, 2015 alichukua fomu za CCM kuomba urais pamoja na umati wa wengine, hakufika tano bora. Kama ni siasa unatafuta, hapo ndipo ilianza, akiwa anakaribia miaka 70.

6. Neno "aliyegeuka" liogopeni. George H. W. Bush alikuwa mbunge wa Texas kuanzia 1967, CIA alikuja kuishika 1976 kwa kama mwaka mmoja tu, sasa huyo aligeuka kutoka wapi kwenda wapi? Putin mnampeleka kutoka KGB moja kwa moja hadi Kremlin, mnaruka miaka yake City Hall ya Saint Petersburg ambapo ndipo alijifunza siasa, FSB, idara iliyorithi KGB, alikuja kuishika baadaye, Julai 1998, na Agosti 1999 tayari ni waziri mkuu. Hakan Fidan wa Uturuki aliacha ujasusi Februari 2015 agombee ubunge, akajitoa, mwezi uliofuata akarudi kiti kile kile, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje 2023. Huyo aligeuka mara ngapi? Mimi siku hizi naandika tu alichofanya na mwaka aliofanya.

7. Mstaafu wa idara akikwambia "hiyo usiandike", muulize ni kipi unaruhusiwa kuandika. Wengi wao wana kiu ya kuongea, wamenyamaza miaka thelathini. Mpigie asubuhi.

8. Usijaze giza. Kama miaka mitatu hujui alifanya nini, toa sentensi moja, songa.

Na wewe kijana wangu wa wiki jana, najua unasoma hii. Wasifu wako nimeurudisha mezani kwako, nimechora mduara pale kati ya 1996 na 2011. Sijakasirika. Kuna watu wawili Nairobi hii walifanya kazi naye hiyo miaka, namba nitakupa, mmoja yuko South B na huongea sana ukimpelekea mandazi. Kesho saa tatu, kabla ya mkutano wa deski, njoo na karatasi yako ya miaka.