Okiku bado anahesabu sahani

Yurei wa Wajapani si jini tu kwa jina lingine? (Msomaji, Tanga)

Si jini. Nimelijibu hili mara nyingi na bado linarudi. Yurei ni mtu aliyekufa na kinyongo chake, kwa hiyo yuko karibu zaidi na mzimu. Ukimwita jini umeshamfutia kosa aliyemuua.

Kwa nini huchorwa hana miguu?

Mtindo huo unahusishwa na mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18. Wewe tazama nguo: kimono cheupe cha maiti, upande wa kulia umelazwa juu ya wa kushoto, kinyume cha walio hai.

Nisimulie ya Okiku. Inatisha kweli? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Okiku alikuwa mtumishi kwa samurai, akitunza sahani kumi za thamani. Watu wa mji wa Himeji, Japani, husimulia kwamba aligundua njama ya kumpindua bwana wa ngome. Mmoja wa wala njama akaficha sahani moja, akamsingizia wizi, akamuua na kumtupa kisimani. Tangu hapo, usiku sauti hupanda kutoka chini: moja, mbili, tatu... ikifika tisa, kilio. Kisima kinachoitwa chake kipo hadi leo ndani ya ngome ya Himeji, mdomo umezibwa kwa wavu wa chuma. Tokyo nako wanayo yao, ya mtaa wa Bancho, ambamo sahani huvunjika.

Kinachonitisha mimi ni ile hesabu. Binti amekufa na bado anahesabu vyombo vya watu, kwa kuwa alipokuwa hai hakuna aliyemsikiliza. Nanyi wenye wasichana wa kazi, kijiko kikipotea, hesabuni tena wenyewe kabla ya kumwita mtoto wa watu mwizi.

Yule mwanamke wa mdomo uliochanwa, ni kweli alikamatwa mwaka 1979?

Hapana. Mwaka 1979 ulivuma uvumi Japani: mwanamke mwenye barakoa humuuliza mtoto, "Mimi ni mrembo?", kisha huivua, na mdomo umechanwa hadi masikioni. Hofu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Watoto walitoka shule kwa makundi, wakisindikizwa. Acheni kuwarushia watoto klipu zake usiku.

Nakwenda Japani. Nataka kurekodi video usiku katika msitu wa Aokigahara.

Usiende. Watu wamejiua mle, na ndugu zao wangali hai. Nenda Himeji, mchana, ukasimame kisimani kwa Okiku.