Sarafu ni ya senti 50, lebo inasema 20

Ndugu wa Area C, nimekuelewa: sarafu yako ya Tanzania ya 1966 ina sungura, yaani ni ya senti 50, lakini lebo ya wapimaji wa Marekani (kampuni inayothibitisha sarafu, kuipa daraja la ubora na kuifunga kwenye kasha la plastiki) inasema senti 20. Ya 20 ina mbuni, kwa hiyo ni kosa la uchapaji, na kwa kawaida hurekebishwa bila ada. Usivunje kasha! Ukilifungua unabaki na sarafu isiyo na cheti.

Piga picha pande zote mbili, namba ya cheti isomeke, uitafute kwenye tovuti yao uone kama kumbukumbu nayo imekosewa. Waandikie, wakubali kwa maandishi, waseme nani analipa usafiri, ndipo uende Posta kuituma kwa EMS (huduma yao ya haraka). Nauli ikizidi thamani ya sarafu (na huzidi kirahisi), mimi ningeiacha ilivyo. Kama unalalamikia daraja, hilo ni ombi jingine, la kulipia. Mzigo wa kurudi, muulize kwanza wakala wa forodha kuhusu ushuru.