Draiva za VirtIO kwenye seva yenu: kipi uguse, kipi usiguse

Swali: Ndugu mtaalamu, tuna seva za Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) katika matawi matatu, na zote zina mashine pepe za Windows. Kila fundi anapakua kivyake virtio-win.iso, faili yenye draiva za VirtIO zinazoiwezesha Windows kutumia diski na mtandao wa mashine pepe, intaneti ya matawini ni ndogo, na sasa kila tawi lina toleo lake. Kwa kuwa ni programu huria, nataka niiweke kwenye seva yetu na wateja wetu waipate hapohapo. Inaruhusiwa? Nizingatie nini? Pia Windows moja iligoma kuwaka nilipohamisha diski yake kutoka SATA kwenda SCSI ya VirtIO. Kwa nini?

Jibu: Inaruhusiwa. Draiva zenyewe ziko chini ya leseni ya BSD ya vifungu vitatu: unaweza kuzisambaza, hata kwa malipo, mradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni viambatane nazo. Ila ISO ina zaidi ya draiva. Folda ya guest-agent imebeba QEMU Guest Agent (wakala, yaani programu ndogo ndani ya mashine pepe inayowasiliana na seva), na hiyo ni ya GPL toleo la 2, inayokudai umwezeshe anayepokea kupata msimbo chanzo. Toa ISO nzima pamoja na virtio-win_license.txt iliyomo ndani, na msimbo chanzo wa wakala huyo uuweke kando yake kwenye seva hiyohiyo.

Leseni si pagumu. Pagumu ni saini, yaani alama ya kidijitali inayoithibitishia Windows nani ametoa draiva. Draiva hizi hazimo katika hazina za kawaida za Fedora, mfumo wa Linux, kwa sababu Fedora hutaka kila kifurushi kijengwe kutoka msimbo chanzo kwa zana zake, na hizi hujengwa kwa zana za Microsoft. Ndiyo maana zinahifadhiwa pembeni, fedorapeople.org. Ukizijenga mwenyewe zitakuwa na msimbo uleule bila saini, na Windows ya biti 64 itazikataa. Kwa hiyo unachosambaza hasa ni saini, na kazi yako ni kuifikisha ikiwa nzima.

Kila draiva ina faili ya .cat iliyohifadhi hashi (alama zinazokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili) za .sys, ambayo ni draiva yenyewe, na .inf, ambayo ni maelekezo ya kuisakinisha. Mafundi wengi hubana ukubwa kwa kuchukua .sys na .inf tu, au huhariri .inf waongeze jina la kampuni. Herufi moja ikibadilika, hashi hailingani tena, na Device Manager itakuonyesha Code 52, yaani saini ya draiva haithibitiki. Ukitaka kupunguza, chukua folda kamili ya toleo la Windows, kwa mfano NetKVM\w11\amd64, na usifungue chochote kwa kihariri.

Kuna Secure Boot pia, kinga inayokagua saini za programu wakati kompyuta inawaka. ISO ya umma haina cheti cha WHQL, yaani uthibitisho wa Microsoft kwa draiva zilizofaulu majaribio yake. Hicho wanakipata wenye usajili wa Red Hat Enterprise Linux. Baadhi ya matoleo ya Windows yenye Secure Boot hukataa draiva zisizosainiwa na Microsoft, kwa hiyo kila toleo lijaribu kwanza kwenye mashine pepe yenye Secure Boot kabla halijamfikia mteja. Usimwambie mteja awashe hali ya majaribio ya saini kwenye seva yake ya kazi. Hapo unamwondolea kinga dhidi ya draiva za kila mtu, si zako tu.

Sasa upakuaji. Kiungo kilichoko ndani ya folda ya stable-virtio huko fedorapeople.org hukuelekeza kwenye faili halisi katika archive-virtio. Programu ya kupakua ya Wget hufuata yenyewe. Curl haifuati mpaka uiambie:

`curl -L -C - -O` kisha anwani ya faili.

Ukisahau -L utabaki na ukurasa mdogo wa HTML ulioitwa virtio-win.iso. Amri ya `file` ikupe jibu la ISO 9660, na ukubwa uwe mamia ya megabaiti.

Kwenye seva yako, kila toleo likae katika folda yenye namba yake, na ukishaliweka usiliandike juu tena. Hili ndilo kosa linaloharibu seva nyingi za nakala. Fundi aliyefika nusu jana akiendelea leo wakati umebadilisha faili chini ya jina lilelile, anaweza kuunganisha nusu ya toleo la zamani na nusu ya jipya. Kwake upakuaji umekamilika, lakini kilichomo ndani kimeoza. Jina la jumla, kama virtio-win-thabiti.iso, liwe kielekezi tu katika nginx (programu ya seva ya wavuti), kwa `return 302` kwenda kwenye faili yenye namba. Usitumie 301, kwa kuwa vivinjari huikumbuka na vitaendelea kwenda kwenye toleo la zamani.

Tengeneza `sha256sum *.iso > SHA256SUMS`, uisaini kwa `gpg --armor --detach-sign SHA256SUMS`, na ufunguo wa umma uwape wateja kwa njia nyingine, si kwenye seva hiyohiyo. Fahamu kwamba hashi hiyo inathibitisha safari ya kutoka kwako tu. Kabla ya hapo unategemea HTTPS, maana hata virtio-win.repo ya dnf (kisakinishi cha vifurushi cha Fedora) imewekwa gpgcheck=0, yaani haikagui saini ya vifurushi. Kwa hiyo fungua ISO ndani ya Windows na uendeshe `Get-AuthenticodeSignature` kwenye netkvm.sys, uone aliyesaini ni nani.

Matawini, tumia `rsync --partial --bwlimit=500` usiku; kwa kilobaiti 500 kwa sekunde, megabaiti 700 humalizika ndani ya dakika 25 hivi. Proxmox nayo ina kitufe cha kupakua ISO kutoka anwani chenye nafasi ya kubandika hashi. Ijaze hiyo nafasi kila mara.

Windows yako iligoma, bila shaka kwa skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu vioscsi, draiva ya SCSI ya VirtIO, haikuwa imesajiliwa kama draiva ya kuwashia. Kuinakili tu kwenye diski hakutoshi. Irudishe diski kuu SATA. Ongeza diski ndogo ya GB 1 kwenye SCSI, kidhibiti kiwe VirtIO SCSI single. Washa, sakinisha vioscsi, hakikisha diski hiyo ndogo inaonekana katika Disk Management, kisha zima. Iondoe, hamishia diski kuu SCSI, na kabla ya kuwasha rekebisha Boot Order katika Options, kwa sababu diski ikitenganishwa hutoka kwenye orodha hiyo. Kama ulichagua VirtIO Block badala ya SCSI, draiva ni viostor. Ukisakinisha moja na kuchomeka nyingine utarudi kwenye skrini ileile.

Matoleo ya nyuma usiyafute. Ukiona Event 129 za vioscsi (maonyo ya kuwekwa upya kwa diski isiyojibu) zikijaa kwenye Event Viewer wakati diski ina kazi nyingi, jambo la kwanza ni kujaribu toleo jingine la draiva, na tawi lenye intaneti ndogo litalihitaji usiku huohuo.