Maswali yenu kuhusu kalenda ya konje kazini

Bonane, yaani Mwaka Mpya, inakaribia, na kila biro (ofisi) hapa Lubumbashi watu wanagombania wiki zilezile mbili za konje, yaani likizo. Maswali kuhusu kalenda ya pamoja ya Google, ile inayoonyesha nani hayupo kazini, yamejaa. Ninachukua yale yanayogusa wengi.

Kwenye simu sioni mahali pa kuunda kalenda mpya ya biro. Nifanyeje? (Sekretere, Kampemba)

Mama, kama programu ya simu haikuonyeshi nafasi hiyo, usihangaike nayo. Fungua Google Kalenda kwenye kompyuta, ndani ya kivinjari, uiunde hapo. Ikishaundwa utaiona hata kwenye simu.

Sisi tunatangaza konje kwenye kundi la WhatsApp. Haitoshi? (Komini za Lubumbashi: Katuba, Kenya, Ruashi, na wengine wengi)

Haitoshi. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Ujumbe wa konje hauchelewi kufunikwa na picha za harusi, na mteja akija kumtafuta fundi mnaanza kupekua kundi zima. Tangazeni huko mkitaka, lakini tarehe ziandikwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu.

Wenzetu wa makao makuu Kinshasa wanasema konje zetu kwao zinaanza Jumapili saa tano usiku. Kalenda imeharibika? (Mhasibu, Lubumbashi)

Haijaharibika, imepiga hesabu vizuri kuliko ninyi. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mliandika konje kwa saa, kuanzia saa sita usiku wa kuingia Jumatatu, na wakati huo Kinshasa bado ni Jumapili, saa tano usiku. Fungueni kila konje, wekeni alama ya "siku nzima", mhifadhi. Tukio la siku nzima halifuati saa ya mji wowote: Jumatatu ya huku inabaki Jumatatu ya kule. Mkiwa hapohapo, angalieni kama saa za eneo kwenye mipangilio ni za Lubumbashi, maana mikutano yenu nayo inaweza kusogea kwa saa moja.

Nikiandika konje ya mtu, niwaalike wafanyakazi wote kwenye tukio hilo? (Likasi)

Hapana! Ukiwaalika, konje ya mmoja inaingia kwenye kalenda binafsi ya kila mtu, na wote wanaweza kuonekana hawana nafasi. Shirikisha kalenda yenyewe, inatosha.

Dada aliyekuwa akitunza kalenda ameacha kazi, na kalenda imepotea pamoja naye. Tunaweza kuirudisha? (Shule moja, Ruashi)

Muulizeni kwanza, kwa heshima, kama akaunti yake bado ipo. Ikiwa ipo, anaweza kuwapa ruhusa kamili kwa dakika chache. Ikiwa ameifuta, anzeni upya kutoka kwenye barua za konje zilizosainiwa. Natumaini mnazo.

Hili linanisikitisha kila mara, kwa sababu huyo dada hana kosa. Mlimwachia kumbukumbu ya biro ndani ya barua pepe yake mwenyewe, ileile anayowaandikia ndugu zake. Kalenda ya kazi iundwe kwa akaunti ya kazi, na nywila ijulikane na mkuu wa biro. Watu wawili wapewe ruhusa ya kuandika na kusimamia, ili mmoja akiwa konje mwingine awepo. Wengine wote waone tu. Nimeona biro ambako kila mtu alikuwa na ruhusa ya kubadilisha: mmoja alisogeza kwa kidole konje ya mwenzake akiwa ndani ya taksi-basi, na hakuna aliyegundua mpaka mwenye konje alipoitwa kazini. Tukio lililofutwa kwenye Google hukaa siku 30 kwenye kapu la takataka. Lililosogezwa tarehe halifiki huko.

Shefu anataka tuandike sababu ya kila mtu kutokuwepo: malaria, mimba, kesi mahakamani. (Kolwezi)

Msiandike. Andikeni jina na neno "hayupo", basi. Ugonjwa wa mtu uko kwenye karatasi ya daktari, na karatasi hiyo inakaa kwenye faili lililofungwa kwa mtu anayesimamia mambo ya wafanyakazi. Kalenda inaonwa na mlinzi, dereva, na mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi kwa mwezi mmoja. Mama mjamzito ana haki ya wiki 14 kwa sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002. Hana deni la kutangaza mimba yake kwa biro nzima kabla hajataka mwenyewe. Kilichobaki kwa shefu ni kupanga nani atashika nafasi, na kwa hilo tarehe zinamtosha.

Mfanyakazi anaanza konje ya siku 12 tarehe 28 Desemba 2026. Kalenda inaonyesha siku 18. Nani kakosea? (Wakala wa forodha, Kasumbalesa)

Hakuna. Kalenda inachora mstari mmoja kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na wikendi. Sheria inahesabu siku za kazi. Ikiwa kwenu siku za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, ondoa wikendi, na pia sikukuu za tarehe 1 Januari na tarehe 4 Januari, Siku ya Mashahidi wa Uhuru. Konje inaisha tarehe 14, na anarudi Ijumaa tarehe 15. Ukisahau sikukuu hizo mbili, unamrudisha tarehe 13 na umemnyang'anya siku mbili zake. Salio la kila mtu liandikwe kwenye jedwali la Excel, pembeni. Hizo 12 kwa mwaka ni kiwango cha chini, na kila miaka mitano ya kazi inaongeza siku moja. Mafaili mengi ninayoonyeshwa hayana nyongeza hiyo.

Mwenzetu amefiwa na mama yake. Siku za kilio tuzitoe kwenye konje yake ya mwaka? (Kamalondo)

Msizitoe hata moja. Sheria inampa siku nne za kazi, zenye mshahara, nje ya konje ya mwaka. Ziandikeni "hayupo" kama nyingine, kisha mwende kilioni.

Umeme ukikatika au mega za intaneti zikiisha, kalenda inafaa nini? (Komini ya Annexe)

Simu huonyesha yale iliyopakua mara ya mwisho. Kwa kompyuta, chapisheni mwezi mzima kila tarehe ya kwanza, mwandike kwa kalamu tarehe ya kuchapisha, mbandike karibu na mlango.