Kutumia Jua Kama Taa ya Projekta

SWALI: Ninafundisha sekondari kijijini, ambako umeme hukatika mara kwa mara. Nimebandua taa ya nyuma ya skrini ya simu ya zamani, nami nataka kuimulika skrini hiyo kwa jua lililokusanywa na lenzi, ili iwe projekta ya darasani. Je, mwanga utatosha, au nitaiunguza?
Mwalimu, Sumbawanga

JIBU: Mwalimu, mwanga utatosha na kusaza; adui wako ni joto. Jua la adhuhuri, anga likiwa jeupe, humwaga takriban wati 1,000 na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100,000 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo lenzi yenye kipenyo cha sentimita 10 hukusanya wati 8 hivi na lumeni zinazokaribia 800. Lakini skrini ya LCD, yaani ya fuwele kimiminika kama hiyo ya simu yako, hupitisha sehemu ndogo tu ya mwanga huo, na kiasi kikubwa cha unaobaki hugeuka joto ndani yake hadi picha inakuwa nyeusi. Ndiyo maana ningekushauri uanze na slaidi, au mchoro wa wino kwenye plastiki angavu.

Usiweke picha kwenye fokasi, yaani pale miale ya lenzi inapokutana, hata kidogo. Iweke karibu kabisa na lenzi inayokusanya, pale miale ingali imetanda, kisha miale hiyo ikutane ndani ya lenzi ya pili inayotupa picha ukutani. Lenzi hiyo ya pili iwe ya kioo, kwa kuwa, ikiwa ya kwanza ina umbali wa fokasi wa sentimita 30, nguvu yote hujibana katika doa la milimita 3, ambalo laweza kuharibu plastiki. Kisanduku chembamba cha kioo kilichojaa maji safi, kikitangulia picha, hupunguza sehemu ya mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana lakini huleta joto.

Nje ya dirisha weka kioo bapa cha kujitazamia, kama walivyofanya Wazungu wa karne ya 18 waliotumia hadubini ya jua, iliyotupa ukutani picha kubwa za vitu vidogo, katika vyumba vyenye giza. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, hivyo kila baada ya dakika 4 doa huhama kama milimita 5, na lazima mtu akirekebishe kioo. Nakusihi jambo hili ulisimamie mwenyewe: mwanafunzi yeyote asichungulie ndani ya lenzi, na kabla ya kubadilisha picha, funika kwanza kioo cha nje kwa kitambaa kizito.