Mimi niliingizwa jikoni na baridi

Swali lenu la wiki hii linasema: chakula gani cha utotoni kilikufanya upende kupika? Nimekaa nalo siku tatu nikitafuta chakula chenyewe, sikukipata. Mimi niliingizwa jikoni na baridi.

Nimelelewa na bibi, nje kidogo ya Tukuyu, mkoani Mbeya. Anayepajua anajua mvua yake. Ikifika Juni na Julai, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na nyumba kubwa yenye makochi na redio inakuwa kama kisima. Joto lilikuwa sehemu moja tu: kibanda cha jiko, mafiga matatu, moshi hadi machozi. Kaka zangu walisema jikoni ni kwa wasichana. Basi wakabaki barazani wanatetemeka na uanaume wao.

Bibi naye hakutaka watalii. "Anayeota moto wangu ana kazi." Nikaanza na kuchochea kuni, nikapandishwa cheo kuchambua maharage kwenye ungo, mwisho nikapewa kumenya ndizi, zile mbichi tunazoziita mbalaga. Hapo ndipo nilipokolea. Unajipaka mafuta viganjani kwanza, la sivyo utomvu unaganda na kuacha weusi ambao sabuni haiuwezi, na kesho yake mwalimu anauliza umeshika nini. Unakata ncha zote mbili, unachana ganda kwa urefu, unapenyeza kidole gumba na kulisukuma livuke lenyewe. Ndizi inatumbukia kwenye maji hapo hapo. Ukiizubaisha nje, inakuwa nyeusi huku unaitazama. Nilikuwa na miaka minane. Nikiona beseni limejaa ndizi nyeupe pee, nilijiona fundi.

Bibi alizipanga juu ya maharage yaliyokaribia kuiva, na nyama kama ipo (mara nyingi haikuwepo), akafunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika. Harufu ya jani lile siwezi kuielezea, nawaachia mliowahi kuinusa.

Siku moja aliniachia chungu cha maharage. Maji yakapungua, nikamimina kikombe cha maji ya mtungini, baridi kama barafu. Mtokoto ukakatika ghafla. Bibi aliporudi hakunipiga. "Umeyalaza," akasema. "Haya, yaamshe." Tulikula usiku mkubwa, kaka zangu wamenuna. Tangu siku hiyo birika la maji ya moto halikubanduka pembeni ya figa, na mpaka leo kwangu halibanduki.

Miaka ikapita, nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nikawaalika mafundi wenzangu wale chakula cha kwetu. Nikabandika maharage kwa saa zile zile nilizozizoea, nikaenda zangu kupiga soga. Nilipofunua sufuria nikakuta uji. Nikamlaani muuzaji wa sokoni, maskini, bure kabisa. Baadaye ndipo nilipoelewa. Pale pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Huku kwetu milimani, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na maji yanatokota yakiwa na nyuzi 95 au pungufu. Unayaona yanaruka ruka, kumbe moto wake mdogo, na harage linachelewa kuiva.

Bibi yasingemkuta hayo, maana hakupika kwa saa. Aliteka harage moja kwa mwiko, akalipuliza. Ganda likijikunja, akalibonyeza kwa vidole viwili, akajua. Mimi nilikariri muda, nikasahau kupuliza.

Sasa nimerudi, ninaishi Uyole, jijini Mbeya. Mke wangu anapikia presha kuka, na sina ugomvi nayo, gesi si maji. Lakini Jumapili jiko ni langu: mkaa kibarazani, maharage ya njano, birika pembeni. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka saba alikuja amejikunyata ndani ya sweta la dada yake, akanyoosha mikono juu ya jiko. Hakuuliza tunakula nini.

Nikamsukumia ungo.